Kupunguza Vitu vya Wazazi Kabla ya Kuuza Nyumba

Karibuni, ndugu watazamaji. Leo tuko Tanga, mtaa wa Chumbageni, katika nyumba ya vyumba vinne ambayo wenyewe, mzee mstaafu na mkewe, wanaiuza ili wahamie nyumba ndogo karibu na binti yao Kibaha. Wameniruhusu kurekodi nyumba lakini si nyuso zao, na kikohozi mtakachokisikia pembeni ni cha mzee, ambaye amekataa kutoka chumbani wakati ninagusa vitu vyake, na kwa hilo simlaumu.

Kwanza, pimeni nyumba mnayokwenda kabla hamjagusa kitu katika nyumba mnayotoka. Andikeni upana wa milango, kisha pimeni makabati. Kabati hili la mninga halipiti kule, basi linauzwa hapahapa; samadari inafunguliwa vipande, kwa hiyo inakwenda. Hilo limekwisha.

Pili ni makaratasi, na hapa tunakwenda polepole. Vijana wakija kuwasaidia wazazi hukusanya kila karatasi iliyopauka wakaichoma uani, nami naomba kiberiti kikae mbali mpaka bahasha ya mwisho ifunguliwe. Tazameni kadi hii ya PPF, mfuko wa pensheni wa zamani: kijana anaweza kuiona takataka kwa sababu mfuko huo haupo tena, kumbe mwaka 2018 uliunganishwa na mifuko mingine ya pensheni, PSPF, LAPF na GEPF, ukazaliwa PSSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii kwa watumishi wa umma, na kumbukumbu za michango ya mzee zilianzia kwenye kadi kama hii. Tafuteni chini ya godoro, katika mikoba ya zamani, ndani ya makopo ya biskuti na nyuma ya picha za ukutani.

Hati ya nyumba na cheti cha ndoa viwekeni katika bahasha moja. Hata hati ikiwa na jina la baba peke yake, Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, inamzuia mwenzi kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Kwa hiyo mama aulizwe mapema, akiwa ametulia sebuleni kwake, si siku dalali anapomleta mnunuzi mlangoni.

Tatu ni albamu, na naomba macho yote hapa. Albamu hizi za kurasa zenye gundi na karatasi ya nailoni juu yake hazipendi joto la pwani, kwa kuwa miaka ikipita picha huganda kabisa. Usivute picha kwa kucha. Piga kwanza picha ya ukurasa mzima kwa simu, kisha pitisha uzi wa kusafishia meno chini ya pembe moja na kuusogeza taratibu kama unayekata sabuni ya mche. Ngojeni nisogeze kamera, kivuli changu kimeziba. Mmeona pembe inavyoinuka? Picha ikigoma, iache ilipo na uuhifadhi ukurasa wote. Narudia, usivute, wala usitie maji. Nayo picha iliyogandamana na kioo cha fremu ibaki na kioo chake, kwa sababu ukiibandua, sura hubaki kwenye kioo na mkononi unabakiwa na karatasi nyeupe. Usivute, tafadhali.

Nne ni vitu vyenyewe. Msiwaulize wazazi wanataka kutupa nini, maana watajibu kwamba hakuna. Waulizeni wanataka kwenda na nini, wachague wao, na kitakachobaki ndicho cha kugawa au kuuza. Mama wa nyumba hii amefungua sanduku lake la bati na kuzitenga kanga, akitaja kila doti inakwenda kwa nani, na binti anaandika. Kugawa namna hii, mwenyewe akiwapo na akisikika, kunaondoa ugomvi ambao ungekuja baadaye. Redio ya National haifanyi kazi, lakini mzee amesema inakwenda, na mimi sibishani na mtu kuhusu redio yake.

Tano ni kufunga mizigo. Vyombo vya udongo vifungeni kwa magazeti na visimamisheni wima, kisha vitabu… naam, mmeona wenyewe, chini ya boksi kumeachia! Vitabu havijazwi katika boksi kubwa, hata likiwa imara kama haya tunayoyauza sisi. Tumieni boksi dogo, pitisheni selotepu mistari miwili inayopishana chini yake, na mjaze kiasi ambacho mtu mmoja anaweza kuinua bila kuguna. Kwa nguo na mashuka, viroba safi vinatosha, wala sitawauzia boksi msilolihitaji. Juu ya kila mzigo andikeni chumba unakokwenda, si chumba unakotoka.

Gari likifika, dawa za wazee, miwani, chaja za simu na chandarua pakieni mwisho ili vishuke kwanza. Bahasha ya hati na cheti cha ndoa haipandi kwenye gari la mizigo. Inasafiri katika mkoba wa mtoto mmoja aliyekubaliwa na wenzake wote, nao wanatumiwa picha ya kila ukurasa kabla safari haijaanza.