Nani Anaamua? Maendeleo Endelevu kwa Mfano wa Ngitili za Shinyanga

Ndugu Mwenyekiti, wakufunzi, wanafunzi, maofisa wa halmashauri na wageni waalikwa,

Mada niliyopewa ni dhana ya maendeleo endelevu na vipengele vyake vikuu. Kwa kawaida mada hii hufundishwa kwa mchoro wa miduara mitatu inayoingiliana: wa uchumi, wa jamii na wa mazingira. Pale inapokutana katikati mwalimu huandika neno "endelevu", na kipindi huwa kimekwisha. Sina ugomvi na mchoro huo, lakini kuna swali ambalo mchoro haulijibu, nalo ni nani mwenye mamlaka ya kuamua rasilimali itumike lini, kwa kiasi gani na kwa faida ya nani. Nitajaribu kuonyesha kwamba swali hilo ndilo linaloamua kama vipengele vitatu vitashikana au vitaachana, na nitatumia muda mwingi zaidi Shinyanga, kwenye malisho ya kimila ya Wasukuma yaitwayo ngitili, kuliko kwenye mikutano ya Umoja wa Mataifa.

Mikutano hiyo hata hivyo haikwepeki kabisa. Mwaka 1972 ulifanyika mjini Stockholm mkutano wa kwanza mkubwa wa Umoja wa Mataifa kuhusu mazingira ya binadamu, na nchi maskini zilihudhuria zikiwa na shaka ya msingi kwamba wenzao waliokwisha kutajirika kwa makaa ya mawe na viwanda sasa wanataka kuziambia zibaki pale zilipo. Waziri Mkuu wa India, Indira Gandhi, aliuliza mbele ya wajumbe iwapo umaskini na uhitaji si wachafuzi wakubwa kuliko wote. Swali hilo lilibaki hewani mpaka mwaka 1983 ilipoundwa Tume ya Dunia ya Mazingira na Maendeleo chini ya Gro Harlem Brundtland wa Norway, ambayo ripoti yake ilitoka mwaka 1987 na kutupatia tamko ambalo kila mwanafunzi hapa analijua kwa moyo: maendeleo yanayokidhi mahitaji ya kizazi cha sasa bila kudhoofisha uwezo wa vizazi vijavyo kukidhi mahitaji yao.

Wengi huishia hapo, ilhali Tume yenyewe haikuishia hapo. Mara tu baada ya tamko hilo ilitaja mawazo mawili yaliyomo ndani yake. La kwanza ni mahitaji, na hasa mahitaji ya lazima ya maskini, ambayo Tume ilisema yatangulizwe kuliko yote. La pili ni mipaka, na hapa naomba tusikilize kwa makini, kwa sababu Tume haikusema kwamba mipaka hiyo imewekwa na maumbile peke yake. Ilisema inatokana na hali ya teknolojia na ya mpangilio wa jamii. Kwa maneno mengine, ardhi ile ile inaweza kulisha watu wengi au wachache, kwa muda mrefu au mfupi, kulingana na namna watu walivyojipanga kuitumia. Mkutano wa Rio wa mwaka 1992, ule wa Johannesburg wa mwaka 2002 uliozitaja waziwazi nguzo tatu, na Malengo 17 yenye shabaha 169 yaliyopitishwa Septemba 2015, yote yamejengwa juu ya msingi huo, ingawa kadiri malengo yanavyoongezeka ndivyo neno mpangilio linavyozidi kufunikwa.

Sasa twende Shinyanga, na ninaposema Shinyanga ninamaanisha mkoa wa zamani, kabla Maswa, Bariadi na Meatu hazijaingia Mkoa wa Simiyu mwaka 2012. Tangu miaka ya 1920 serikali ya kikoloni iliendesha kampeni za kufyeka misitu ili kuwaondoa mbung'o, nzi wanaoeneza ugonjwa kwa ng'ombe, na ni kweli ng'ombe waliongezeka. Baadaye pamba ikatanuka na kumeza mapori yaliyosalia. Katika miaka ya 1970 Operesheni Vijiji iliwahamisha watu kutoka kwenye maeneo yao ya asili hadi vijiji vipya, na jambo ambalo halikupimwa wakati huo ni kwamba pamoja na watu kuhamishwa, sheria zao ndogondogo za malisho zilibaki kule walikotoka bila mtu wa kuzisimamia. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 akina mama wa sehemu nyingi za mkoa huo walikuwa wakipikia samadi na mabua ya pamba. Samadi iliyopaswa kurudi shambani ilikuwa inaishia jikoni, na shamba lililokosa samadi lilitoa mavuno haba yaliyomlazimu mkulima kufyeka shamba jingine. Mwalimu Nyerere aliuita mkoa huo jangwa la Tanzania.

Mwaka 1986 serikali ilianzisha programu ya Hifadhi Ardhi Shinyanga, iliyojulikana kwa kifupi kama HASHI. Mwanzoni programu ilifanya kile ambacho miradi mingi ya misitu hukifanya hadi leo, yaani kuanzisha vitalu, kuotesha miche, mingi ikiwa ya miti ya kigeni, na kuisambaza vijijini. Miche katika nchi kavu yenye ng'ombe wanaozurura ina maisha mafupi. Sifa ya HASHI, kwa maoni yangu, ni kwamba wataalamu wake walikubali kubadili swali, wakaacha kuuliza mti gani upandwe na kuanza kuuliza Wasukuma wenyewe walikuwa wakifanya nini kabla mambo hayajaharibika.

Jibu lilikuwa ngitili. Kwa asiyeifahamu, ngitili ni eneo la malisho linalofungwa mvua zinapoanza, nyasi zikaachwa zikue na kukaukia pale pale zikiwa zimesimama, kisha likafunguliwa kiangazi kinapokuwa kikali ili walishwe kwanza ndama, ng'ombe wagonjwa na maksai watakaolima msimu unaofuata. Halifunguliwi lote kwa pamoja. Mwenye busara hulitoa kipande kimoja baada ya kingine. Na ndani ya eneo lililopumzishwa hivyo, visiki vya migunga na miti mingine ambavyo mizizi yake ilikuwa bado hai vilianza kuchipua vyenyewe. Hakukuhitajika kitalu wala lori la miche. Kazi kubwa ilikuwa kumzuia ng'ombe asiingie kabla ya wakati, na hiyo si kazi ya mtaalamu wa misitu, ni kazi ya mamlaka.

Mamlaka hayo yalikuwapo. Dagashida, ambalo ni baraza la kimila la Wasukuma, liliamua mipaka na adhabu. Sungusungu, yaani walinzi wa jadi, wakawakamata waliovunja. Serikali ya kijiji ikazipa kanuni hizo nguvu ya sheria ndogo, ambazo Sheria za Serikali za Mitaa za mwaka 1982 zinaruhusu. Mchungaji aliyeingiza mifugo kwenye ngitili ya jirani alijua atasimama mbele ya watu anaokutana nao kila siku mnadani na msibani, na naamini hilo lilimtia hofu kuliko faini yenyewe.

Mwaka 1986 ngitili zilizokuwa zinajulikana zilikuwa na takriban hekta 600 tu. Programu ilipofikia mwisho wake mwaka 2004, makadirio yalikuwa kati ya hekta 300,000 na 500,000 katika vijiji 833. Utafiti wa kiuchumi uliofanyika kwa ushirikiano wa Wizara ya Maliasili na Utalii na shirika la uhifadhi la IUCN ulikadiria kwamba mazao ya ngitili, yaani kuni, nguzo, nyasi za kuezekea, malisho, dawa, asali, uyoga na matunda pori, yalikuwa na thamani ya dola 14 kwa mtu kwa mwezi, wakati wastani wa matumizi ya mtu wa kijijini Tanzania ulikuwa dola 8.50. Mwanamke aliyekuwa akitembea nusu siku kutafuta kuni alipunguziwa saa kadhaa za safari. Vijiji vyenye ngitili za pamoja viliuza sehemu ya mazao yake na kujenga madarasa na ofisi. Wanyama pori walirudi pia, wakiwamo wale wanaoharibu mazao, jambo ambalo vipeperushi vya uhifadhi huwa havilitaji.

Ukiutazama mfano huu kwa miduara mitatu utasema uchumi umekua, jamii imenufaika na mazingira yamepona. Lakini angalia mpangilio wa matukio: mamlaka ya kuamua yalirudi kwanza, na mengine yakafuata. Mwaka 1975 ardhi ilikuwa ile ile na mvua ilikuwa ile ile; kilichokosekana ni mamlaka hayo.

Sogeeni kidogo kaskazini, mpaka Ziwa Victoria, muone kinyume chake. Sangara aliingizwa ziwani miaka ya 1950, na kufikia miaka ya 1980 alikuwa amefurika. Viwanda vya minofu vilijengwa Mwanza na miji mingine ya mwambao wa ziwa, fedha za kigeni zikaingia, vijana wakapata ajira, na kwa kipimo cha uchumi peke yake hayo yalikuwa mafanikio. Upande wa pili wa hesabu, aina nyingi za furu, samaki wadogo wa asili wa ziwa hilo, zilitoweka, minofu ikaenda Ulaya, na kwa wengi wa wenye kipato kidogo kilichobaki sokoni kilikuwa panki, yaani kichwa na mifupa iliyobaki kiwandani, ikikaangwa na kuuzwa. Kuna wakati sheria ilikataza kuvua sangara mwenye urefu wa chini ya sentimita 50 au wa juu ya sentimita 85, kwa sababu wale wakubwa ndio wazazi. Sheria hiyo ilikuwa nzuri. Ila mvuvi aliyemrudisha majini samaki wa sentimita 90, wakati bondo la samaki huyo, yaani kibofu chake cha hewa, lina bei kubwa mwaloni wanakoshushia samaki, alijua kwamba kesho atavuliwa na mwenzake. Vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi, ambavyo kila mtu mwaloni huviita BMU, vimepewa wajibu wa kulinda ziwa bila kupewa uwezo wa kumzuia mtu asiye wa mwalo wao. Samaki anahama na nyasi hazihami, kwa hiyo sitaki kulilaumu ziwa kwa kutokuwa malisho. Nasema tu kwamba kipengele cha mamlaka kikikosekana, hivyo vingine vitatu hushindana.

Kuna na swali la rasilimali isiyoota tena. Shinyanga hiyo hiyo ina almasi ya Mwadui, iliyogunduliwa mwaka 1940. Almasi ikitolewa imetoka. Haina msimu wa kupumzika. Uchimbaji wake unaweza kuitwa endelevu kwa maana moja tu, kwamba mapato yake yageuzwe kuwa kitu kitakachodumu baada ya shimo kufungwa: maji, shule, barabara, mtaji wa wananchi. Yakiishia kwenye posho na mishahara, tumeuza urithi na kuula.

Nirudi kwenye ngitili, kwa sababu nisingependa mtoke hapa mkidhani ni hadithi iliyokamilika. Ngitili za familia hufuata ukubwa wa ardhi ya familia. Mwenye ng'ombe wengi na ekari nyingi alitenga eneo kubwa, na akiwa na ziada huwakodishia wengine malisho. Mwenye ekari mbili hakuwa na cha kutenga, na ngitili ya jirani ilipofungwa alipoteza hata pale alipokuwa akichunga bure. Kwa hiyo katika mafanikio makubwa kabisa tuliyo nayo ya kurudisha uoto wa asili nchini, kile ambacho Tume ya Brundtland ilikitanguliza, yaani mahitaji ya maskini, kilitimizwa nusu. Ngitili za pamoja, za kijiji, za shule na za taasisi za dini, zilisaidia kuziba pengo hilo, na ndizo zilizo rahisi kuvamiwa uongozi wa kijiji unapolegea.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 zinatoa njia ya kuzilinda: mpango wa matumizi ya ardhi wa kijiji, hati ya hakimiliki ya kimila, msitu wa hifadhi wa kijiji. Njia hizo zina gharama ya upimaji, na vijiji vingi havina fedha hizo. Wakati huohuo baba mwenye ngitili ya ekari kumi na watoto saba wa kiume atagawa urithi, na hakuna kipande kati ya vile saba kitakachotosha kupumzishwa. Kama halmashauri ina fedha kidogo za mazingira mwaka huu, ningependa kuziona kwenye upimaji wa ngitili za pamoja na uandikishaji wake kabla ya kuziona kwenye siku ya kupanda miti, ambayo huhudhuriwa na kamera nyingi na kusahauliwa na wenye ndoo za maji.

Sijagusa idadi ya mifugo, na najua maofisa mifugo waliokaa mstari wa mbele hawakubaliani wao kwa wao kama tatizo ni wingi wa ng'ombe au ufinyu wa njia za kuwahamisha wakati wa ukame. Ndugu Mwenyekiti, muda uliobaki nauacha kwa mjadala huo.