Mgonjwa huyu aulizwe uji
Mhadhara kwa wanaouguza wenzi wao waliopata kiharusi, Ujiji, Kigoma

Assalaam alaykum, na Bwana asifiwe. Shikamooni wazee wangu. Kina mama na kina baba, ahsanteni kwa kuja, maana najua kila aliyekaa hapa ameacha mtu nyumbani chini ya uangalizi wa jirani au mtoto. Kazi yangu ni kuwafanyisha wagonjwa mazoezi ya viungo. Leo nataka kusema nanyi mnaolala nao chumba kimoja.

Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Mtu mwenye homa ya siku tatu mpikie, mletee, usimchoshe kwa maswali. Nakubali. Lakini kupona kiharusi huchukua mwaka, pengine miwili, pengine zaidi. Ukikaa miaka miwili humuulizi mwenzako uji, humuulizi nguo, humuulizi shamba wala ada ya watoto, ndoa inakwisha na wote wawili mpo hai, mnakula sahani moja. Hilo ndilo lililonileta.

Kwanza tuelewane kwa nini inachelewa. Kiharusi hutokea damu inaposhindwa kufika sehemu fulani ya ubongo, ama mshipa umeziba, ama umepasuka. Sehemu iliyokufa haifufuki. Zile zilizobaki nzima ndizo zinazojifunza kazi yake, na zinajifunza kwa kurudiarudia. Miezi mitatu ya mwanzo mabadiliko huwa makubwa: juzi hakuweza kukaa, leo amekaa. Baada ya hapo kasi inapungua, na ndugu wanaanza kusema amefikia mwisho. Hajafikia. Wapo wanaoendelea kupata nafuu hata baada ya mwaka, ila ni nafuu ya kidole kushika kifungo, ya kijiko kufika mdomoni bila kumwaga. Mgeni wa Jumapili haioni. Wewe unaiona, basi mwambie umeiona.

Sasa mkono. Naona kina mama wanaomvalisha mume shati kwa dakika moja, wanamnyanyua kwa kumvuta kwapani, wanamlisha. Ni mapenzi, sina shaka. Lakini mkono usiopewa kazi unakakamaa, na bega la upande ulioshikwa huwa legevu. Ukilivuta, linaanza maumivu yatakayomnyima usingizi kwa miezi. Usimvute mkono. Shati aanze kulivaa kwa mkono mgonjwa, kisha mzima; akivua, aanze na mzima. Wewe kaa pembeni. Atachukua nusu saa, atatoka jasho, nawe utatamani kummalizia. Muulize kwanza: "Nikusaidie, au unamalizia?" Akisema anamalizia, mwache, hata kama bodaboda anapiga honi nje.

Kuna baba mmoja wa Kibirizi, mvuvi wa dagaa, aliyeshikwa upande wa kushoto. Mazoezi ya kuminya mpira niliyompa hakuyapenda hata kidogo. Mkewe ndiye aliyemuuliza angependa kufanya nini. Akasema nyavu. Basi siku za mbalamwezi, mitumbwi ikiwa imepumzika, vijana wakawa wanamletea uani nyavu zilizochanika. Mkono wa kushoto unalala juu ya wavu pajani, wa kulia unapitisha sindano. Mwanzoni ule wa kushoto ulizuia wavu kwa uzito wake tu. Baadaye vidole vikaanza kutafuta uzi vyenyewe. Na jambo nililolipenda zaidi: vijana walimlipa, na fedha ile akamkabidhi mkewe yeye mwenyewe.

Wengine kiharusi kimewachukulia maneno. Mara nyingi hutokea upande wa kulia wa mwili unaposhikwa, kwa sababu ubongo wa kushoto ndio unaoongoza upande huo, na kwa watu wengi ndio wenye lugha. Nisikilizeni sana hapa: kukosa maneno si kukosa akili. Nimeshuhudia ndugu wakijadili kuuza shamba la mtu mbele yake, machozi yanamtoka na hana la kutamka. Zima redio, kaa usoni pake, uliza swali moja la ndiyo au hapana. "Tuuze?" Ngoja. Atajibu kwa kichwa, kwa jicho, kwa kukushika mkono. Shemeji na wakwe wakija na uamuzi tayari, ni wewe wa kusema: "Mwenyewe yupo, tumuulize."

Hasira na kilio msivichukulie kuwa ukorofi. Ubongo ulioumia unaweza kumliza mtu au kumchekesha pasipo sababu, na takriban theluthi moja ya waliopata kiharusi huingia kwenye sonona, ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka. Sonona inatibika. Itajeni kliniki kama mnavyotaja presha.

Unyumba mnaniuliza pembeni, kwa sauti ya chini; nami najibu hapa. Hali ikishatulia na presha ikidhibitiwa, kwa wengi hakuna kizuizi. Muulizeni daktari, maana baadhi ya dawa za presha hupunguza nguvu na zinaweza kubadilishwa, lakini mtu asiache dawa kimyakimya. Na hata kabla ya hapo, kulala kitanda kimoja hakumdhuru mgonjwa. Nimekuta nyumba ambako mke alihamishiwa chumba cha uani tangu alipotoka hospitali, na hakuna aliyemuuliza anataka kulala wapi.

Tuje kwenye chakula. Mkoa wetu una Uvinza kunakotoka chumvi, nayo haijawahi kutupiga chenga, na chumvi inapandisha presha. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku, karibu kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote. Dagaa waliotiwa chumvi waloweke, umwage maji. Na nyumba nzima ipikiwe chungu hicho hicho. Kumpikia peke yake ni kumtenga. Uji anywe ameketi wima, kidogokidogo, abaki ameketi nusu saa. Akikohoa kila anapomeza, mrudishe hospitali, chakula kisije kuingia mapafuni.

Namalizia na ninyi wenyewe. Presha yako ilipimwa lini? Uliongea lini na mtu jambo lisilohusu dawa? Wifi akipiga simu kuuliza mnaendeleaje, usiishie kwenye "tunamshukuru Mungu". Mwambie: "Njoo Jumatano, ukae na kaka yako mpaka alasiri." Mwenzako umuage, umwambie unakokwenda na saa ya kurudi, kisha utoke kweli: saluni, msikitini, kwaya, kwa dada yako ukalale.

Karibuni maswali.