Waifai Haipandi Ngazi

Shikamooni wazee wangu. Na wenzangu wote, habari za mchana. Nimepewa nusu saa, na najua kuna mpira saa kumi, kwa hiyo niingie ndani moja kwa moja.

Mwaka jana alinipigia simu mama mmoja hapa hapa Dar. Nyumba yake ni ya ghorofa, nzuri, imemalizika vizuri. Malalamiko yake ni yale yale ya wengi wenu: chini intaneti inakimbia, juu haipo. Nikaenda. Kabla sijauliza ruta iko wapi, nikaona mto wa kochi umewekwa kwenye ngazi, kipandio cha tatu kutoka juu. Nikamwuliza, mama, huu mto vipi? Akacheka: "Hiyo ndiyo ofisi ya mwanangu." Kijana yuko chuo, masomo yake ya mtandaoni anayafuatia akiwa amekaa pale. Akipanda kipandio kimoja tu, picha inaganda. Wakati wa mitihani wanagombania kile kipandio yeye na dada yake.

Mimi nilikuwa nimebeba kifaa cha kupima mawimbi. Nilikiwasha kwa heshima tu, maana nyumba ilishapimwa kwa makalio.

Sasa, kwa nini ngazini na si chumbani? Sakafu ya ghorofa zetu ni zege, sentimita 15 hivi, na ndani yake kuna wavu wa nondo. Ruta inatoa mawimbi ya aina mbili: ya gigahezi 2.4, ambayo kila wimbi lina urefu wa sentimita 12 na nusu, na ya gigahezi 5, sentimita 6. Zege linayanyonya, nondo zinayarudisha yalikotoka. Na yale ya 5, ambayo ndiyo yenye kasi mnayoilipia, ndiyo yanayochoka mapema. Kwenye tundu la ngazi hakuna zege, pako wazi, basi mawimbi yanapenya hapo hapo na kuishia hapo hapo. Ndugu zangu wa Mji Mkongwe kule Unguja hali yao ni ngumu zaidi: kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, unene nusu mita na zaidi. Wao hata chumba cha pili ni safari.

Yule mama hakuwa amekaa bure. Alishanunua ripita, zile za kuchomeka kwenye soketi. Simu ya kijana ikaonyesha mistari yote imejaa, furaha tele, halafu video ikawa inazunguka vile vile. Hapa naomba mnisikilize vizuri, kwa sababu ndipo pesa nyingi zinapopotea. Mmewahi kuhudhuria mahubiri ya mhubiri mgeni mwenye mkalimani? Mhubiri anasema sentensi, ananyamaza. Mkalimani anairudia, ananyamaza. Mahubiri ya saa moja yanachukua saa mbili. Ripita ya kawaida ni mkalimani huyo. Inapokea na kurudia kwenye hewa ile ile, kwa zamu, kwa hiyo kasi inashuka karibu nusu. Na kama umeiweka juu, mahali ambapo yenyewe inamsikia mhubiri kwa shida, inachotafsiri ni minong'ono. Ile mistari kwenye simu inakuonyesha umbali wako na mkalimani. Habari za mhubiri haijui.

Dawa yake ni waya. Unatoa waya kwenye ruta ya chini, unaupandisha juu, mwisho wake unafunga kifaa kingine cha kutoa waifai, ambacho mafundi tunakiita akses pointi. Hewa inabaki na kazi ya mita chache za mwisho, kutoka darini hadi mkononi kwako.

Watu huniambia, fundi, dunia ya leo unatuletea habari za waya? Nawaambia kumbukeni Jumapili ile ya tarehe 12 Mei 2024. Nchi nzima simu zilikuwa na mnara, na intaneti ilikuwa taabu tupu, kwa sababu nyaya zilizo chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika. Minara ilisimama wima, haina cha kugawa. Intaneti yako inakuja kwa waya kutoka baharini mpaka mlangoni, halafu wewe unataka ipande ghorofa kwa miguu.

Twende kwenye waya wenyewe. Ulizia waya wa mtandao wa daraja la Cat 5e au Cat 6. Kwa nyumba yoyote tunayoizungumzia leo, Cat 5e inatosha: inabeba gigabiti 1 kwa sekunde hadi mita 100, na sijaona nyumba ya mtu hapa yenye mita 100 kutoka sebuleni hadi chumbani. Cat 6 ni sawa pia kama hela ipo. Linalonikera ni waya wa alumini uliopakwa shaba juu. Unauzwa boksi zuri, limeandikwa vizuri, bei nafuu. Niliwahi kununua boksi zima la mita 305 kwenye duka moja mjini, nikafurahia punguzo. Nyumba ya pili tu nikaanza kurudi kurekebisha kwa nauli yangu. Alumini inavunjika ukiikunja, na umeme ukipita ndani yake unapotea mwingi. Siku hizi nikiwa dukani natoa kisu, nakwangua uzi mmoja. Ndani ukiwa mweupe, narudisha. Wauzaji wananijua, hawanipendi.

Njia ya kupitisha: tafuta kwanza bomba la waya la zamani ambalo halina kitu, kwa mfano lile la antena ya televisheni. Usiusukume kwenye bomba la nyaya za umeme wa nyumba. Hatari ya kwanza ni ya maisha, kelele kwenye mtandao inafuata. Unapovuta, paka sabuni ya maji kwenye waya, utateleza. Na vuta nyaya mbili wakati unatumia mmoja. Kazi ni ile ile, na siku mmoja ukiliwa na panya utanikumbuka.

Kama ndani hakuna njia, toka nje. Chukua waya mweusi wa nje, maana ule wa kijivu jua letu linaupasua ganda. Tundu la ukutani litobolewe likiinamia nje. Na kabla waya haujaingia, uache uning'inie kidogo kama tumbo chini ya tundu, ili mvua ikitiririka idondokee hapo badala ya kufuata waya hadi sebuleni. Nimeona ukuta uliovimba rangi kwa ajili ya tumbo ambalo halikuachwa.

Wengi mna ruta ya zamani kabatini. Hiyo inaweza kufanya kazi ya akses pointi bila kununua kitu. Ila msiichomeke kwanza! Mimi nilifanya hivyo nyumbani kwangu mwenyewe, fundi mzima, na nusu ya nyumba ikapoteza intaneti. Kila ruta ina tabia ya kugawa anwani kwa simu na kompyuta zinazoingia. Ukiwa na mbili, ni kama mtaa wenye wenyeviti wawili, kila mmoja anagonga vibao vya namba za nyumba. Mgeni hajui amfuate nani. Basi, ile ya zamani iunganishe na kompyuta pekee yake. Ibadilishie anwani: kama ya chini ni 192.168.1.1, hii iwe 192.168.1.2. Kisha zima ule ugawaji, umeandikwa DHCP. Ipe jina la waifai na nenosiri sawasawa na ya chini. Ndipo uipandishe, na waya kutoka chini uuchomeke kwenye moja ya matundu ya LAN. Lile tundu la pekee lenye rangi tofauti, la WAN, liache wazi.

Masafa: kwenye 2.4, ya chini ikae chaneli 1, ya juu 6 au 11, zisipigiane kelele. Na punguza nguvu ya ya chini kidogo kama inakuruhusu. Simu ni king'ang'anizi, inaweza kupanda nawe mpaka chumbani huku bado imeshikilia mawimbi ya sebuleni yaliyokwisha kufa.

Ukinunua akses pointi mpya, chagua inayopokea umeme kupitia waya huo huo wa mtandao. Kwanza huhitaji soketi darini. Pili, na hili ndilo tamu, umeme ukikatika, betri moja ndogo uliyoiweka chini kwenye ruta inawasha na ya juu pia.

Mzee pale nyuma alinyoosha mkono. ... Ameuliza kuhusu nyumba ya mwanawe iliyo ng'ambo ya uwanja, ploti ile ile. Hapo mzee wangu, waya wa shaba unaokatiza uwanjani ni mwaliko kwa radi. Radi ikipiga jirani tu, inaweza kuunguza ruta za nyumba zote mbili. Kati ya nyumba na nyumba tumia faiba, ni kioo, umeme haupiti, na kwa umbali mdogo siku hizi haitishi bei.

Sasa tufanye kwa mikono. Nani atabana kichwa, ile plagi ya mwisho wa waya? Haya, binti, njoo. Menya ganda, sentimita 3 tu. Unaona jozi nne, nyuzi nane. Zinyooshe na kuzipanga hivi: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Kata sawa, sukuma mpaka mwisho, bana. Kwa nguvu, usiionee huruma. Upande wa pili nilishabana nyumbani. Chomeka kwenye kipimio, kila uzi una taa yake, tuhesabu taa wote.

Moja. Mbili. Tatu. Nne. Tano. Sita... Nane.

Saba imeruka. Mnaona? Huu waya ungefungwa hivi, intaneti ingekuja, na mngenishukuru. Megabiti 100 zinahitaji nyuzi nne tu, na hizo zimewaka. Ila gigabiti inataka zote nane, na mngekaa miaka mkilaumu kampuni ya intaneti. Kata hicho kichwa, mama, tupa. Menya tena.