Jiangnan: Jimbo Lililogawanywa Likakataa Kugawanyika

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja. Leo nazungumzia jimbo la China ambalo halimo tena kwenye ramani: Jiangnan.

Mwanzo wake niupitie haraka. Zhu Yuanzhang alipoanzisha utawala wa Ming mwaka 1368, aliweka makao yake Nanjing, na eneo kubwa lililouzunguka mji huo likawa chini ya serikali kuu moja kwa moja. Humo imo bandari ya Liujiagang, zilikokusanyika merikebu za Zheng He, amiri wa Ming, zile zilizofika mpaka Malindi yetu. Mji mkuu ukahamia Beijing mwaka 1421, lakini Nanjing haikuvuliwa heshima yake. Waliokuja kuivua ni Wamanchu wa Qing, mwaka 1645. Eneo lote likawa jimbo kama majimbo mengine, likaitwa Jiangnan.

Kama mengine kwa jina tu! Kodi ya Suzhou na Songjiang, wilaya mbili za jimbo hilo, ilikuwa nzito mno, na mchele wa huko ulipandishwa kwa Mfereji Mkuu kwenda kulisha Beijing. Mwaka 1661 serikali iliwabana wadaiwa wa kodi, na wasomi zaidi ya 13,000 wakaadhibiwa. Ye Fang'ai, aliyeshika nafasi ya tatu katika mtihani wa kifalme, alivuliwa cheo kwa deni la sarafu moja ya shaba. Watu wakatania kwamba mshindi wa tatu hafikii hata thamani ya sarafu hiyo.

Miaka hiyohiyo jimbo likaanza kukatwa, na kufikia 1667 tunayo mawili: Jiangsu mashariki, Anhui magharibi. Sasa tazameni mpaka wenyewe. Mito ya Huai na Yangtze hutiririka kuelekea mashariki. Kaskazini ni nchi ya ngano, kusini ni mpunga na hariri. Ungetegemea mpaka ufuate mto. Wao wakaukatisha mito yote miwili, kila jimbo likabaki na kaskazini yake na kusini yake. Wapo wanaosema ni hila ya kuwadhoofisha watu wa kusini. Mimi naona kazi ya karani hapa: maofisa wa fedha walikuwa wawili, kila mmoja akapewa upande wake.

Na makaratasi yalitangulia mbali mno. Ofisa wa fedha wa Anhui aliendelea kukaa Nanjing, ndani ya jimbo la wenzake, mpaka 1760 alipohamishiwa Anqing, mji wa Anhui yenyewe. Jiangsu nayo ikaishia na maofisa wa fedha wawili, mmoja Nanjing na mwingine Suzhou, jambo la ajabu katika dola hiyo. Mtihani wa ngazi ya jimbo ndio haukugawanywa kabisa. Kijana wa Huizhou, huko Anhui, alifunga safari hadi Nanjing kushindana na wana wa Suzhou katika ukumbi uleule, ambao mwishoni ulikuwa na vyumba zaidi ya 20,000 vya watahiniwa. Hali ikawa hivyo hadi mitihani yenyewe ilipofutwa mwaka 1905.