Nyumba ya Bibi, Ardhi ya Mwenyewe

BENI: Karibuni tena. Leo hatuna mgeni, namhoji mwenzangu. Dada Salma, wenzako walisoma sheria wakawa mawakili. Wewe umeng'ang'ania chuo, unafundisha sheria linganishi ya mali. Ilianzia wapi?

SALMA: Kwa bibi yangu, Kisauni. Nyumba ya Kiswahili, vyumba sita, ukumbi katikati. Nyumba yake mwenyewe. Lakini kila mwisho wa mwezi alifunga pesa kwenye ncha ya leso, akaenda kumlipa mwenye ardhi. Akirudi, risiti anaitia kwenye kopo la maziwa ya unga. Nikimuuliza, "Bibi, si nyumba ni yako?" Ananiambia, "Nyumba yangu, mwanangu. Ardhi ina mwenyewe."

BENI: Nyumba bila ardhi. Mombasa zimejaa.

SALMA: Na watu huziuza, huzirithi, hugawana vyumba kwenye mirathi. Basi nafika mwaka wa kwanza wa sheria, naambiwa kilichojengwa juu ya ardhi ni cha mwenye ardhi. Kanuni ya Warumi hiyo, Waingereza wakaishika, ikatufikia na ukoloni. Siku ile sikusikia tena somo. Nawaza, ina maana bibi hana kitu?

BENI: Na minazi je? Shamba la huyu, minazi ya yule.

SALMA: Ehee! Mila za pwani na sheria ya Kiislamu zinakubali kutenganisha. Kiwanja kimoja, sheria mbili, na kila moja ina mmiliki wake. Ndipo nikataka kujua wengine walifanyaje.

BENI: Ukaangukia Ujerumani.

SALMA: Nao ni wafuasi wa Warumi. Sheria yao ya kiraia, iliyoanza kutumika mwaka 1900, inahesabu nyumba kuwa sehemu ya ardhi. Lakini mwaka 1919 wakaitungia sheria yake kamili haki ya kujenga kwenye ardhi ya mtu mwingine kwa muda maalumu. Haki hiyo ina ukurasa wake kwenye daftari la ardhi. Unaiuza, unairithisha, unaiweka rehani. Muda ukiisha, kwa kawaida mwenye ardhi anakulipa thamani ya jengo. Na kama ilitolewa kwa makazi ya watu wa kipato kidogo, malipo hayashuki chini ya theluthi mbili ya thamani hiyo. Nilisoma kifungu kile mara tatu.

BENI: Sasa si tuichukue tu?

SALMA: Hapana, kaka. Daftari lao linategemea upimaji na usajili ambao mitaa yetu mingi haina. Ninachochukua ni swali: aliyejenga akiondolewa, anaondoka na nini? Kwetu nimeshuhudia mtu akiondoka na mabati na fremu za milango, kwenye mkokoteni.

BENI: Inauma hiyo.

SALMA: Inauma sana. Aliyenifungua macho ni marehemu Profesa Okoth-Ogendo, bingwa wa sheria ya ardhi wa Kenya, kwa maandishi yake. Alisoma Dar es Salaam, kisha Oxford na Yale, akarudi kufundisha Nairobi. Alionyesha kwamba wakoloni hawakukuta ardhi isiyo na wenyewe. Walikuta umiliki ambao sheria yao haikuwa na jina lake, wakauhesabu si kitu. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 mahakama ikasema Waafrika Kenya ni wapangaji wa Taji la Uingereza, wa kuondolewa wakati wowote. Kusoma vile, nikamwona bibi na leso yake.

BENI: Darasani unaanzaje?

SALMA: Nawapa nakala ya risiti moja ya bibi. Nawaambia, semeni huyu mama anamiliki nini. Wanabishana mpaka kipindi kinakwisha. Mmoja atasema ni mpangaji tu, mwingine atasema ni mwenye nyumba.

BENI: Na wewe wasemaje?

SALMA: Nawaomba waisome tena, polepole. Imeandikwa "kodi ya ardhi". Miaka yote ile, mwenye ardhi hakumtoza bibi hata senti moja ya nyumba.