Gitaa: mahali unapodonoa uzi na sauti inayotoka

Karibuni. Leo tunatumia uzi mmoja tu, wa tano, ule wa A, kwenye gitaa lisilo la umeme. Nyuzi zikiwa na kutu, na kwa hewa ya chumvi ya huku Mtwara hazikawii kushika, badilisha kwanza. Uzi wa kutu umeshapoteza ukali, utadonoa popote usikie yale yale.

Chukua tepu ya fundi cherehani, pima uzi kutoka mfupa wa shingoni hadi mfupa wa darajani. Magitaa mengi yanacheza kwenye sentimita 65. Sasa, ukihesabu kutoka darajani, tafuta sehemu tatu: sentimita 32.5, ambayo ni juu ya freti ya 12 (freti ni vile vyuma vinavyokatiza shingo).​ Sentimita 16, kwenye tundu. Na sentimita 4.

Donoa zote tatu kwa kidole kile kile, nguvu ile ile. Freti ya 12, sauti nene, tupu kidogo. Kwenye tundu imejaa. Darajani inakwaruza masikio, tena ni ndogo. Noti ni A ile ile ya hezi 110. Kilichobadilika ni hamoniki, zile sauti za juu zinazolia ndani yake, yaani 220 (ya pili), 330 (ya tatu), 440 (ya nne) na kupanda.

Kila hamoniki ina vituo ambavyo uzi hautikisiki. Ukidonoa penye kituo chake, hamoniki hiyo haiamki. Freti ya 12 ni kituo cha 220, 440, na zote za namba shufwa. Kwenye robo, pale tunduni, inakosekana ya nne na ya nane. Kwa sentimita 4, ya kwanza kukosekana ni kama ya 16, ndiyo maana ya ule ukali.

Hakikisha mwenyewe. Donoa darajani, halafu gusa uzi juu ya chuma cha freti ya 12. Gusa tu, usibonyeze. 220 inabaki inalia. Rudia, ila sasa donoa juu ya freti ya 12, kisha gusa hapo hapo: kimya. Ikibaki sauti, ulidonoa pembeni. Sogea milimita mbili tatu.

Wapiga solo, hapa ndipo wengi wanapokwama. Ukibana freti ya 12, uzi unaolia umebaki sentimita 32.5, kwa hiyo pale tunduni pameshakuwa katikati na solo inafifia. Usiongeze nguvu. Sogeza mkono hadi sentimita 8 kutoka darajani, urudi kwenye robo.