Fiksi, Breki na Mteremko wa Bugando

NEEMA: Mwangaluka, wasikilizaji! Mimi Neema, na leo kaka Masanja ameingia na baiskeli mpaka humu ndani tunamorekodia. Ameiegemeza ukutani, na ugoko wake wa kulia una plasta. Kaka, tuanze na hiyo plasta.

MASANJA: Mwangaluka, dada. Pedali hiyo. Nilikuwa nashuka mteremko wa Bugando, hapa Mwanza, kuja mjini, mguu ukachomoka. Sasa kwenye Foniksi ya babu, mguu ukichomoka unauacha unaning'inia, baiskeli inajiendea. Hii ni fiksi, haina friwili. Gurudumu likizunguka, pedali nazo zinazunguka, utake usitake. Nikawa nautafuta mguu mahali pake huku pedali inanitwanga ugoko. Mara tatu, nne, ndipo nikakumbuka breki.

NEEMA: Kumbe breki ilikuwepo.

MASANJA: Ya mbele. Isingekuwepo, leo ungerekodi peke yako.

NEEMA: Lakini nyie vijana wa fiksi si ndio mnaosema breki inaharibu sura?

MASANJA: Ndiyo ugomvi wetu wa kila Jumapili. Wanakwambia, “Baiskeli hii asili yake haina breki.” Ni kweli, asili yake ni uwanjani. Japani wana keirin, mashindano ya baiskeli ya uwanjani, tangu 1948, na baiskeli zao hazina breki. Lakini kule wote wanaelekea upande mmoja. Hakuna haisi inayosimama ghafla Mkuyuni kumpakia mama na ndoo yake ya sato.

NEEMA: Na konda ameshafungua mlango.

MASANJA: Mlango umeshakuja usoni! Sasa wewe unasimama na nini? Watasema unakaza miguu, gurudumu la nyuma linajifunga, unateleza. Video yake inapendeza. Ila ukisimama ghafla uzito wote unakimbilia mbele, la nyuma linabaki jepesi, halina cha kushika. Linaburuzika tu. Breki inayosimamisha kweli ni ya mbele.

NEEMA: Kwa hiyo miguu haina kazi?

MASANJA: Inayo. Inapunguza mwendo taratibu, nawe unaisikia barabara mpaka magotini. Ndiyo raha yake. Lakini miguu ina kikomo. Baiskeli yangu ina gia ya meno 46 mbele na 16 nyuma. Ikifika kilomita 50 kwa saa, na kwenye mteremko ule unafika bila kutaka, miguu inatakiwa izunguke karibu mara 138 kwa dakika.

NEEMA: Zaidi ya mara mbili kila sekunde! Cherehani.

MASANJA: Na cherehani haikai juu ya kiti inarushwarushwa. Ukishachelewa mzunguko mmoja, umeachwa. Kwa hiyo breki unaanza kuigusa juu kabisa, kabla mwendo haujakolea. Ukisubiri uogope, umechelewa.

NEEMA: Uingereza nasikia ni sheria.

MASANJA: Barabarani lazima breki ya mbele iwepo. Mwaka 2016 kijana mmoja alikuwa na fiksi ya uwanjani katikati ya London, breki ya mbele hana. Akagongana na mama aliyekuwa anavuka, mama akafariki. Mwaka uliofuata kijana akafungwa miezi 18. Huwa nawaambia wenzangu: tunajiongelea sisi tu, kana kwamba barabarani hakuna anayetembea kwa miguu.

NEEMA: Mh. Hebu igeuze niione tairi ya nyuma. Mbona ina upara mahali pamoja tu?

MASANJA: Aibu hiyo. Zamani nilifunga 48 kwa 16. Mbele ikizunguka mara moja, gurudumu linazunguka mara tatu kamili. Sasa kila ukiteleza kwa mguu uleule, tairi inagusa lami palepale. Panalika mpaka unaona nyuzi. Ukifunga 47 kwa 17, sehemu za kulika zinakuwa 17, tairi inadumu. Tairi hii ni ileile ya wakati wa 48 kwa 16, sijanunua nyingine.

NEEMA: Na unashuka nayo Bugando.

MASANJA: ...Nitanunua, dada.

NEEMA: Fundi wako hakuiona?

MASANJA: Simtaji, lakini yeye ndiye aliyetaka kunimaliza. Gia ya nyuma inakazwa kulia kama kawaida. Juu yake kuna nati bapa ya kuizuia isilegee unapokaza miguu kurudi nyuma, na hiyo inakazwa kushoto. Yeye akaikaza kulia, yaani akawa anailegeza. Nimefika Igogo, nakaza miguu, nasikia pedali zinarudi bure, gia inajifungua. Tangu siku hiyo naikaza mwenyewe, spana yake natembea nayo.

NEEMA: Na mnyororo?

MASANJA: Katikati uchezeke kama sentimita moja. Ukilegea zaidi utachomoka, na hapo ama gurudumu linajifunga ama miguu inabaki haina kazi. Na usiufute huku gurudumu linazunguka. Kidole kikiingia kwenye meno hakuna friwili ya kukuokoa, kinaenda na gia.

NEEMA: Basi, nimesisimka! Tuambie kuhusu kona.

MASANJA: Baiskeli nyingine kwenye kona unainua pedali ya ndani, unaituliza. Hii haitulii. Ukiilaza sana pedali inachota lami na kukurusha. Kwa hiyo punguza kabla ya kona. Na mvua ikishanyesha, vilima vyetu vinamwaga mchanga na kokoto barabarani, hapo mimi nashuka, nakokota. Bodaboda wanacheka, wacheke.

NEEMA: Usiku?

MASANJA: Taa nyekundu nyuma, nyeupe mbele, basi. Halafu kamba za viatu, chomeka ndani. Kamba ikijizungusha kwenye krenki huwezi kusema nisimamishe miguu niifungue. Inakuvuta mpaka chini.

NEEMA: Nikimaliza hapa nataka niijaribu. Pale uani tu, hakuna gari.

MASANJA: Sawa. Kiti nitakishusha, breki ni hii ya kulia. Ila hicho kitenge, dada, nenda kavae suruali kwanza.